Kutunza maji ya minara ya kupoza, chila na boila za majengo

Kabla ya kununua pipa la dawa, funga mita za maji. Ya kwanza ikae kwenye bomba linalojazia mnara wa kupoza, ya pili kwenye bomba la maji yanayomwagwa kutoka mnarani, na nyingine kwenye bomba la kujazia la kila mfumo uliofungwa, yaani ule wa maji baridi ya chila (mashine inayopoza maji ya kiyoyozi cha jengo) na ule wa maji moto ya boila. Mitambo mingi hufa ikiwa na dawa nzuri ndani yake. Kinachoiua ni kwamba hakuna aliyejua ni maji kiasi gani yanaingia wala yanatokea wapi. Dawa hupimwa kwa ujazo wa maji, na asiyejua ujazo anamimina kwa kubahatisha.

Adui ni watatu: magamba (chokaa na madini mengine yanayoganda kwenye chuma), kutu na vijidudu. Hawafanyi kazi mmoja mmoja. Vijidudu hutengeneza utando wenye utelezi juu ya chuma, dawa ya kuzuia kutu haipenyi chini yake, na hapo chuma hutobolewa kwa vishimo vidogo huku sehemu nyingine yote ya bomba ikionekana nzima. Kutu inayobanduka huenda kutuama mahali maji yanapokwenda polepole, na mashapo hayo huwa makao mapya ya bakteria. Ndiyo maana kumaliza tatizo moja na kuacha mengine mawili hakusaidii kwa muda mrefu.

Hesabu ya mnara

Mnara hupoza maji kwa kuyageuza sehemu yake ndogo kuwa mvuke. Mvuke unaotoka hauna chumvi. Kalsiamu, kloridi na silika vyote hubaki nyuma na kukolea. Kiasi kinachopotea kwa mvuke hukadiriwa hivi: mtiririko wa pampu kwa mita za ujazo kwa saa, zidisha kwa tofauti ya nyuzi za Selsiasi kati ya maji yanayoingia na yanayotoka mnarani, zidisha kwa 0.00153.

Chukua pampu inayozungusha mita za ujazo 100 kwa saa, na tofauti ya nyuzi 5. Mvuke ni 100 × 5 × 0.00153, yaani mita za ujazo 0.765 kwa saa. Mtambo ukikimbia usiku na mchana, hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 18 kwa siku.

Ukolezi ni mara ngapi maji ya mnara yamezidi maji ya kujazia kwa chumvi. Ili ubaki pale unapoutaka, sehemu ya maji hutupwa. Maji ya kumwaga ni mvuke ugawe kwa ukolezi uliotoa moja. Kwa mnara wetu, ukolezi wa mara 4 unataka umwagaji wa 0.765 ÷ 3, yaani mita za ujazo 0.255 kwa saa. Maji ya kujazia ni jumla ya mvuke na umwagaji: 1.02 kwa saa. Matone yanayopeperushwa na feni ni kidogo sana kama vizuia matone ni vizima, kwa hiyo hapa tumeyaacha.

Sasa tazama jinsi faida inavyopungua. Kwa ukolezi wa mara 2, mnara huo hunywa mita za ujazo 1.53 kwa saa. Kwa mara 4 hunywa 1.02, kwa mara 6 hunywa 0.92, kwa mara 10 hunywa 0.85. Kutoka 2 hadi 4 umeokoa zaidi ya lita 500 kila saa. Kutoka 6 hadi 10 umeokoa lita 68 tu, na umejiingiza kwenye maji mazito yanayosubiri kosa dogo tu ili yageuke magamba. Anayekuahidi ukolezi wa mara 10 kwa maji magumu mwombe akuonyeshe hesabu.

Kikomo chako kinatoka kwenye maji ya kujazia. Yapime kwanza: ugumu wa kalsiamu, ualkali, silika, kloridi, pH na upitishaji umeme, ambao hupanda kadiri chumvi inavyoongezeka. Silika kwa kawaida haiachwi ipite miligramu 150 kwa lita ndani ya mnara. Maji ya kujazia yakiwa na 30, huwezi kuvuka mara 5 hata kama kila kitu kingine kinaruhusu. Kloridi hutegemea vyuma ulivyo navyo, na mnara au kondensa (sehemu ya chila inayopozwa na maji ya mnara) yenye chuma cha pua ina kikomo chake kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kalsiamu na ualkali huangaliwa pamoja kwa fahirisi ya Langelier, inayounganisha pia pH, joto na chumvi. Chini ya sifuri, maji hayana uwezo wa kujenga magamba. Juu ya sifuri yanaweza. Dawa za fosfoneti zikisaidiwa na polima huzuia magamba hadi fahirisi ya karibu +2.5, ilimradi dawa iwe inaingia kila siku. Chukua kikomo kinachofikiwa mapema kuliko vingine vyote. Hicho ndicho ukolezi wako.

Kalsiamu kaboneti ina tabia inayowachanganya wengi: kadiri maji yanavyopata joto ndivyo inavyoyeyuka kidogo zaidi. Kwa hiyo magamba hayaanzi mnarani unapoweza kuyaona. Huanza ndani ya mirija ya kondensa, mahali penye joto zaidi. Ukisubiri uone weupe kwenye plastiki za kutawanyia maji mnarani, umechelewa.

Kipima upitishaji umeme, na jinsi kinavyodanganya

Umwagaji wa mnara huendeshwa na kipima upitishaji umeme. Maji ya kujazia yakiwa na mikrosimensi 300 na unataka ukolezi wa mara 4, unakiweka kifungue vali ya umwagaji kwenye 1,200. Kazi ni rahisi, lakini hapa ndipo minara mingi inapoharibika.

Kipimio, yaani ncha ya kipima inayozama majini, kikipata uchafu husoma chini ya ukweli. Kinaona 900 wakati maji yana 1,800, vali haifunguki, na magamba yanajijenga huku skrini ikionyesha kila kitu kiko sawa. Kila wiki chukua sampuli karibu na kipimio, ipime kwa kipima cha mkononi, na ulinganishe. Tofauti ikizidi asilimia 5, toa kipimio, kisugue kwa kitambaa laini na asidi hafifu, kisuuze, kisha ukirekebishe. Kipima cha mkononi nacho lazima kihakikiwe kwa kimiminika sanifu. Kinachotumika sana ni cha mikrosimensi 1,413 kwenye nyuzi 25.

Hitilafu ya pili ni vali ya umwagaji kuziba. Vali za solenoidi, zinazofunguliwa na sumaku ya umeme, zina tundu dogo, na kipande cha gamba kinatosha kuzishikilia wazi au kuzifunga. Weka chujio mbele yake, au tumia vali ya mpira inayozungushwa na mota.

Hitilafu ya tatu ni kinyume chake: upitishaji uko chini kuliko unavyotakiwa, vali ya umwagaji imefungwa, na dawa haishiki kiwango hata ukiongeza. Maji yanakwenda mahali pengine. Angalia boya la kujazia kwanza. Likiwekwa juu mno, pampu inaposimama maji yote yaliyo kwenye mabomba hurudi kwenye beseni la mnara na kumwagika kwenye bomba la kufurikia. Hakuna anayeona, kwa sababu pampu ikiwaka hali inarudi kawaida. Zima pampu wakati wa mchana, simama kando ya beseni, utazame. Maji yakifurika, shusha boya hadi beseni limeze maji ya kurudi bila kufurika, lakini lisishuke kiasi cha pampu kuvuta hewa inapowashwa. Kama si boya, tafuta uvujaji, mtu anayechota maji ya mnara kwa kuoshea sakafu, au vizuia matone vilivyovunjika.

Njia ya kuthibitisha yote haya ni mita mbili. Maji ya kujazia ugawe kwa maji ya kumwaga yanapaswa kukaribiana na ukolezi unaousoma kwa upitishaji. Mita zikisema 8 na upitishaji ukisema 4, kuna umwagaji usiopita kwenye mita.

Kujua ujazo halisi wa mfumo

Michoro ya jengo hutoa makadirio tu. Kwa mnara, tumia chumvi ya kawaida. Funga umwagaji. Pima kloridi. Yeyusha kilo kadhaa za chumvi kwenye ndoo, mimina beseni, acha maji yazunguke saa moja, upime tena. Kila kilo ya chumvi ina gramu 607 za kloridi. Ukiweka kilo 1 na kloridi ikapanda kwa miligramu 60 kwa lita, ujazo ni 607 ÷ 60, yaani takriban mita za ujazo 10. Fanya hivyo joto likiwa dogo ili mvuke usipotoshe hesabu. Usitumie chumvi kwenye mfumo uliofungwa; huko tumia dawa yenyewe, nitriti au molibdeti, uone inapanda kwa kiasi gani baada ya kuongeza kipimo unachokijua.

Ukishajua ujazo, unajua dawa inakaa muda gani. Ujazo ugawe kwa umwagaji, zidisha kwa 0.693, unapata saa ambazo nusu ya dawa huondoka. Mnara wa mita za ujazo 10 unaomwaga 0.255 kwa saa hupoteza nusu ya dawa kwa saa 27. Ukiongeza umwagaji mara mbili, ni saa 13 na ushee.

Vijidudu

Mwaka 1976 watu waliohudhuria mkutano wa American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani, huko Philadelphia waliugua nimonia isiyojulikana, na mwaka uliofuata bakteria wake walitambuliwa, baadaye wakapewa jina la Legionella. Hupatikana kwenye maji ya kawaida kwa idadi ndogo. Huzaana kati ya nyuzi 20 na 45, joto lile lile la maji ya kondensa, na huingia mwilini kwa kuvuta matone madogo hewani, jambo ambalo mnara hulifanya saa zote. Kwa hiyo sehemu hii haihusu kuokoa umeme. Inahusu mapafu ya watu waliomo ndani ya jengo na wapita njia.

Tumia dawa za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuoksidisha, klorini au bromini, inayoingia kila siku au bila kukatika. Klorini huru ilenge miligramu 0.5 hadi 1 kwa lita, bromini 1 hadi 2. Angalia pH kabla ya kuchagua. Klorini inayoua ni asidi ya haipoklorasi, na sehemu yake hupungua kadiri pH inavyopanda: kwenye pH 7.5 ni karibu nusu, kwenye 8.5 ni karibu sehemu moja ya kumi. Minara mingi yenye ukolezi wa mara 4 hukaa kwenye 8.5 au zaidi. Kwenye pH hiyo bromini bado ina zaidi ya nusu ya nguvu yake, na ndiyo chaguo bora.

Dawa ya pili haioksidishi: isothiazolinoni, glutaraldehaidi au DBNPA. Hii humiminwa kwa mkupuo, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na kazi yake ni kupenya mahali klorini inapoishia. Funga umwagaji kabla ya kuiweka na uuache umefungwa kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, maana ukiuacha wazi unaitupa dawa ghali kwenye mtaro kabla haijaua. Ukolezi ushushwe kidogo kabla ya hapo ili kusiwe na magamba wakati wa kusubiri. DBNPA huua haraka lakini huvunjika haraka pia kwenye pH ya juu; isothiazolinoni huenda polepole na inahitaji saa nyingi. Ongeza dawa ya kubandua utando mara kwa mara, kwa sababu bakteria walio ndani ya utando hawaguswi na klorini ya miligramu 1.

Kila wiki chovya kibao cha kupimia bakteria, kihifadhi kwenye nyuzi 30 kwa saa 48, ulinganishe na picha ya mfano. Chini ya 10,000 kwa mililita ni hali nzuri. Kati ya 10,000 na 100,000, rudia kipimo na ukague dawa. Juu ya 100,000, chukua hatua siku hiyo hiyo. Kibao hakipimi Legionella. Hiyo inapelekwa maabara, angalau kila baada ya miezi mitatu. Matokeo ya kibao yakiwa mazuri hayaondoi haja ya maabara.

Kuosha mnara

Mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya kusimama muda mrefu. Zima feni kabla ya kitu chochote, kisha uiwekee kufuli. Watu hujeruhiwa na feni iliyowashwa na mwenzao aliye chumba cha chini. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, aina ya FFP3 au zaidi, kwa sababu bomba la shinikizo hutengeneza matone yale yale tunayoyakimbia.

1. Ongeza klorini hadi miligramu 5 kwa lita, zungusha maji kwa saa 5 feni ikiwa imezimwa, na weka dawa ya kubandua utando. Kwa mita za ujazo 10 hiyo ni gramu 50 za klorini, yaani nusu lita ya haipokloriti (klorini ya maji) ya asilimia 10, kisha ongeza kadiri inavyopungua. pH ikiwa juu ya 8, panda hadi miligramu 15 au 20.
2. Ua klorini kwa sodiamu thiosalfeti, mwaga maji yote, ukifuata masharti ya maji taka ya mahali ulipo.
3. Toa mashapo kwenye beseni kwa koleo na mashine ya kufyonza. Usiyasukume kwenye bomba la pampu.
4. Fungua pua za kunyunyizia, moja moja. Pua iliyoziba huacha sehemu kavu kwenye plastiki, na kwenye mpaka wa kavu na mbichi ndipo magamba yanapoanzia.
5. Chomoa kipande cha plastiki cha kutawanyia maji na ukiinue. Kikiwa kizito kuliko kipya kwa dhahiri, kina magamba ndani hata kama uso wake unang'aa.
6. Kagua vizuia matone. Pengo la upana wa kidole linatosha kutoa matone mengi.
7. Jaza, rudia klorini miligramu 5 kwa saa 5, mwaga, jaza tena na uweke dawa za kawaida.

Mnara mpya wa chuma kilichopakwa zinki unahitaji uangalizi wa pekee. Kwa wiki 8 za kwanza weka pH kati ya 7 na 8, na usijaze maji yaliyolainishwa kabisa. Zinki inahitaji muda huo ili ijijengee ngozi ya kujilinda. Ukiuanza kwenye pH 9 utapata kutu nyeupe kama unga wenye nta, na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma.

Mfumo uliofungwa wa maji baridi na moto

Mfumo uliofungwa haupotezi maji, kwa hiyo dawa inapaswa kukaa miezi mingi. Hilo ndilo linalofanya mita ya kujazia iwe chombo cha maana kuliko vyote humu. Kila mita ya ujazo inayoingia huleta oksijeni mpya, takriban miligramu 8 kwa lita kwenye nyuzi 25, na oksijeni ndiyo kutu. Mita ikisogea, kuna tundu mahali, na dawa haizibi tundu.

Kinga inayotumika sana ni nitriti, miligramu 600 hadi 1,000 kwa lita ikihesabiwa kama sodiamu nitriti, na pH ya 8.5 hadi 10. Kwa mfumo wa mita za ujazo 5 kwenye 800 unahitaji kilo 4 za nitriti halisi. Dawa yenye asilimia 20 ni kilo 20. Ongeza azoli kwa ajili ya shaba. Boila au radieta za alumini zisiwekwe pH ya namna hiyo, kwa kuwa alumini huliwa na alkali. Kwake pH ikae kati ya 7 na 8.5, kwa dawa iliyoidhinishwa na mtengenezaji.

Nitriti inaposhuka, mafundi wengi huongeza nyingine na kuondoka. Usifanye hivyo kabla ya kuangalia upitishaji umeme na pH, kwa maana sababu ni tofauti na tiba ni tofauti.

Nitriti imeshuka kwa asilimia 30 na upitishaji umeshuka karibu kwa kiwango hicho hicho: maji yamechanganyika na mapya. Tafuta uvujaji.

Nitriti imeshuka lakini upitishaji haujasogea: bakteria wameigeuza kuwa nitreti. Pima nitreti uthibitishe. Kuongeza nitriti hapa ni kuwalisha.

Nitriti imeshuka, pH imepanda, na sampuli ina harufu ya amonia: kuna bakteria wa aina nyingine, wanaofanya kazi mahali pasipo na hewa. Amonia hushambulia shaba na shaba nyeupe, kwa hiyo mirija ya chila iko hatarini.

Kwa hali mbili za mwisho weka glutaraldehaidi au isothiazolinoni, zungusha kila tawi la mfumo, safisha vichujio, kisha ndipo urudishe nitriti. Usitumie klorini, huoksidisha nitriti na kuimaliza. Mfumo ambao bakteria hurudi kila baada ya miezi michache afadhali uuhamishie molibdeti, ambayo si chakula chao.

Glikoli, dawa ya kuzuia maji yasigande, nayo ina mtego wake. Ikiwa chini ya asilimia 20 hivi haizuii bakteria bali huwalisha. Kama hakuna hatari ya kuganda, usiiweke kabisa. Kama ipo, iweke ya kutosha.

Tangi la upanuzi ndilo linaloleta hewa nyingi kwa siri. Dalili ni hizi: boila ikipata joto vali ya usalama inadondosha, ikipoa presha inashuka, vali ya kujazia inafunguka yenyewe, na kesho hivyo hivyo. Tangi limepoteza hewa au mpira wake umepasuka. Litenge kwa vali yake, mwaga maji ya upande wake hadi presha ya maji iwe sifuri, ndipo upime hewa. Ukipima bila kumwaga utasoma presha ya mfumo na utadhani tangi ni zima. Bonyeza pini ya vali ya hewa: yakitoka maji, mpira umepasuka. Ikitoka hewa, jaza hadi presha ya kimo cha jengo juu ya tangi, bar 1 kwa kila mita 10, na uongeze 0.3. Kimo cha mita 18 kinataka 1.8 + 0.3, yaani bar 2.1.

Angalia pia mabomba ya plastiki ya kupasha sakafu. Yasiyo na tabaka la kuzuia oksijeni huipitisha polepole kupitia ukuta wake mwaka mzima, na maji huwa meusi hata pasipo tundu lolote. Tiba ni kutenganisha mzunguko huo kwa kibadilishio cha joto.

Mabomba mapya huoshwa kabla ya dawa. Tenga chila na koili kwa mabomba ya kupitia pembeni, sukuma maji kwa kasi hadi yatoke meupe, zungusha dawa ya kusafishia kwa muda wa lebo, sukuma tena hadi upitishaji ukaribiane na wa maji ya kujazia, kisha weka kinga siku hiyo hiyo. Chuma kilichooshwa kikaachwa na maji matupu wikendi moja huanza kutu upya, na kazi yote imepotea.

Boila

Kwa boila ya maji moto hesabu ni fupi. Mita 10 za ujazo za kujazia zenye ugumu wa miligramu 250 kwa lita huleta kilo 2.5 za chokaa, na yote huenda kuganda kwenye chuma chenye moto zaidi. Jazia maji yaliyolainishwa. Lita moja ya resini, yaani punje zilizomo kwenye mashine ya kulainishia maji, hushika takriban gramu 50 za ugumu kabla ya kuoshwa kwa chumvi, kwa hiyo lita 50 za resini hutosha mita za ujazo 10 za maji hayo. Weka muda wa kuosha kabla ya kufika hapo, na pima ugumu kwenye bomba la kutokea kila siku mashine inapofanya kazi. Chumvi ikiisha tangini mashine huendelea kupitisha maji magumu bila kelele yoyote.

Kwa boila ya mvuke, pasha tangi la maji ya kulisha hadi nyuzi 85 au zaidi ili oksijeni itoke kwa joto. Inayobaki ife kwa sodiamu salfaiti, miligramu 8 kwa kila miligramu 1 ya oksijeni, na akiba ya 30 hadi 60 ndani ya boila. Tangi likipoa, salfaiti inayotakiwa huongezeka mara kadhaa.

Vipimo na daftari

Sampuli ichukuliwe bomba likiwa limetiririka dakika chache, chupa ijazwe hadi mdomoni. pH na klorini vipimwe hapo hapo. Kila wiki mnarani: upitishaji, pH, klorini au bromini, kiwango cha dawa, kibao cha bakteria, mita zote. Kila mwezi kwenye mfumo uliofungwa: nitriti, pH, upitishaji, chuma, mita. Vibao vya chuma na shaba vya kupimia kutu vikae siku 90 kwenye maji yanayotembea, kisha vipimwe uzito. Chuma kinachopoteza chini ya milimita 0.08 kwa mwaka na shaba chini ya 0.005 vinaonyesha programu inafanya kazi.

Andika pia tofauti kati ya joto ambalo gesi ya chila hugeukia kuwa kimiminika kwenye kondensa na joto la maji yanayotoka humo, chila ikiwa na mzigo unaofanana. Kondensa safi mara nyingi huwa na nyuzi 1 hadi 2. Ikipanda wiki baada ya wiki bila mzigo kubadilika, mirija imevaa kitu. Namba hii huona magamba na utando mapema kuliko macho.

Dawa zenyewe

Haipokloriti na asidi zisikae chumba kimoja wala zisimiminwe kwa ndoo moja. Zikikutana hutoa gesi ya klorini inayoua. Haipokloriti na tembe za isosayanureti (aina nyingine ya klorini) zikichanganyika zinaweza kulipuka, hivyo usibadilishe moja kwa nyingine kwenye chombo kile kile. Mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Pampu za dawa ziunganishwe na swichi ya mtiririko ili zenyewe zisimame kila pampu kuu inaposimama. Bila hiyo, dawa hujikusanya kwenye bomba moja na kulila. Pampu ya haipokloriti ikigonga bila kusukuma, mara nyingi imejaa gesi kichwani, kwa hiyo fungua skrubu yake ya kutolea hewa kabla ya kuivunja.

Kusimama na kuwasha tena

Pampu ya akiba izungushwe kila wiki, na mabomba yasiyotumika yakatwe karibu na bomba kuu. Mnara utakaosimama zaidi ya wiki moja ukiwa na maji uzungushwe na kupewa dawa mara moja kwa wiki, feni ikiwa imezimwa. Utakaosimama zaidi ya mwezi, umwagwe na kukaushwa. Mfumo uliofungwa usimwagwe kamwe ili "upumzike", kwa kuwa chuma chenye unyevu na hewa huliwa haraka kuliko kilicho chini ya maji yenye nitriti. Siku ya kuwasha mnara, zungusha maji na dawa ya kuoksidisha kwa saa kadhaa feni ikiwa bado na kufuli, pima klorini kwenye bomba la kurudi, na ukishaipata hapo ndipo ufungue kufuli la feni.